Kadi 41

Mwaka niliofanya KCSE nilipata kadi za sakses 41. Nilizihesabu kwa maringo tu, maana bwenini mtu alipimwa kwa urefu wa kamba aliyotundikia kadi zake. Miaka mitano baadaye nilizihesabu tena, nikiwa nimeacha chuo mwaka wa pili na kurudi kwa mama hapa Maseno, nawaandikia watu makala za mitandaoni kwa malipo ya kubahatisha. Safari hii nilikuwa nahesabu malighafi.

Kama wewe ni wa juzi, wacha nikueleze. Ikifika Septemba hivi, kadi zilining'inia kila duka la vitabu: maua, machweo, mshumaa, mtu amevaa joho la mahafali. Shangazi anatuma, jirani anatuma, hata yule binamu ambaye hamsalimiani anatuma. Zingine zilikuwa za kuimba, ukifungua tu darasa zima linageuka. Halafu 2016 serikali ikapiga marufuku maombi na kutembelea wanafunzi muhula wa tatu, ile vita ya wizi wa mitihani. KCPE nayo ikafanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi heri njema inakuja kwa WhatsApp na emoji tatu za mikono. Sio mbaya. Ila huwezi kuikunja ikawa boksi.

Wazo la boksi lilitoka kwa msichana tuliyekuwa naye chuo, ambaye sasa anauza hereni na pete Kisumu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo muuzaji mdogo anahangaika na vya kufungia. Bahasha ya kaki ni rahisi, sawa, lakini hereni ndani ya kaki inakaa mandazi. Akauliza kama naweza kumtengenezea kitu. Tukakubaliana shilingi 30 kila boksi.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka utulivu tu. Unakata kadi kwenye mkunjo, unabaki na vipande viwili. Upande wa picha unakuwa kifuniko: mraba wa sentimita 14. Ule wa nyuma unakuwa kitako, na huo unaupunguza milimita 3 urefu na upana. Hizo milimita 3 ndizo biashara yote. Ukizisahau kifuniko hakiingii, ukizidisha kinacheza kama jino la mtoto. Unapiga mistari sentimita 3 kutoka kila ukingo, unaikwaruza kwa biro iliyoisha wino ndio karatasi ikunjike bila kupasuka, unachana pembe nne, unabandika masikio kwa ndani. Kadi inayong'aa haishiki gundi, kwa hivyo masikio unayasugua kidogo na msasa. Uji wa unga wa ngano unashika pia, lakini mende wataupenda kukuliko. Kadi za kuimba unazitoa betri kwanza, isipokuwa mteja anataka pete ya uchumba inayopiga muziki. Mmoja alitaka. Sijui aliambiwa nini.

Mama hakufurahia. Alinikuta mezani na makasi akasimama.

"Nyathina, hizo ni baraka za watu. Utakata baraka?"

Nikamwambia ni karatasi, Mama. Hakunijibu, alichukua sufuria yake akaenda.

Shida ni kwamba maandishi huwa upande wa kulia kwa ndani, na huo ndio unaokuwa kitako. Yaani mtu akitoa hereni zake, chini anakuta wino wa shangazi yangu: Mungu akufikishe chuo kik. Imekatwa hapo. Mwanzoni nilifunika na manila. Siku moja boksi mbili zikapita bila manila, na msichana wa Kisumu akanipigia jioni: wateja wanazitaka hizo zenye maneno. Mmoja alidhani ameandikiwa yeye, akakaribia kulia.

Nilifikiria sana kuhusu huyo mteja. Yale maneno kwangu yalikuwa yamegeuka deni. Kila nikifungua lile katoni nilikuwa naona watu 41 wananiuliza nimefika wapi. Kwake yalikuwa habari njema, hata yakiwa yamekatwa nusu. Manila nikaacha kuweka.

Zangu ziliisha haraka. 41 mara 30 ni 1,230, hiyo ni bando na chenji kidogo. Nikaanza kuzunguka kwa majirani. Maseno haikosi walimu wastaafu, Shule ya Maseno yenyewe ilianza 1906, na mwalimu mstaafu hatupi karatasi. Nimepewa kadi za Krismasi, za harusi, hata za rambirambi, ambazo nimezirudisha. Nani atafungia hereni huko?

Imebaki moja ambayo sijagusa. Ni ya anko, aliyekuwa wa boda na ndiye aliyenilipia karo hadi alipofariki. Ya bei ya chini kabisa, jahazi kwenye maji ya buluu isiyokuwa ya ziwa letu. Ndani ameandika neno moja, Jasomo, msomi, na jina lake.

Msichana wa Kisumu ameagiza boksi 20 za Ijumaa. Nimehesabu, nina kadi 19 na hiyo ya anko. Nimemwandikia zitakuwa 19. Amejibu ni sawa, atatuma pesa ya 19.