Gari Kuchemsha: Tuulize “Lini” Kabla ya Kununua



Mpwa wangu alitumia akiba ya miaka mitatu kununua Pontiac GTO ya mwaka 1968, miongoni mwa yale magari ya Kimarekani yenye injini kubwa ambayo vijana wetu hapa Houston huyahusudu: silinda nane, lita 6.6. Kiangazi kilipoingia, gari likaanza kuchemsha. Wenzake walimshauri, huyu anunue rejeta kubwa zaidi, yule aing’oe thamostati. Fedha zilikuwa zimemwishia, naye akakaribia kuliuza kwa hasara.

Mimi si fundi. Nilikuwa mwalimu wa fizikia. Nilimwuliza swali moja tu: linachemsha lini? Akanijibu, “Kwenye foleni, mjomba. Barabara kuu mshale wa joto unatulia.”

Jibu hilo lilikuwa nusu ya tiba. Gari liendapo kasi, upepo hupita wenyewe ndani ya rejeta. Lisimamapo, kazi yote huachiwa feni. Basi tulikagua feni, mkanda wake, na lile duara la plastiki linaloizingira ili ivute hewa kupitia rejeta nzima. Matundu ya skrubu yalikuwapo. Duara lenyewe halikuwapo. Tulipata lililotumika kwa bei nafuu, na tangu hapo mshale hautishi tena.

Lau gari lingechemsha katika mwendo wa kasi, tungeshuku maji: rejeta iliyoziba, au mpira wa chini unaonywea kwa mvuto wa pampu. Ama thamostati, haing’olewi ovyo, kwani ndiyo inayoiwezesha injini kufikia joto lake la kazi na kubaki hapo.

Jambo moja halina mjadala: kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Kifuniko hicho huyatia maji shinikizo ili yasichemke hata yakizidi nyuzi 100 za Selsiasi. Ukikifungua, shinikizo hutoweka, na maji hufoka pamoja na mvuke na kukubabua uso. Zima injini, subiri ipoe kabisa.

Wazazi wenzangu, kijana akija na shida ya gari, tusikimbilie mfuko wala kumwambia aliuze. Tuketi naye, tumwulize linachemsha lini na wapi. Dalili ya mvua ni mawingu.