Sufuria ya Mama

Sufuria niliyoiharibu ilikuwa ya Mama. Alinipa nilipohamia Nairobi, ile pana ya alumini, imebonyea upande mmoja. Jumamosi hiyo niliamua kuoka prezeli, zile za Wajerumani zenye ganda la kahawia linalong'aa. Rangi hiyo haiji kwa mayai. Unga uliosokotwa huchovywa kwa maji yenye kostiki soda kabla ya kuingia oveni. Ndiyo, jamaa wa ile ya kuzibua sinki, ila ya kuoka lazima iwe safi ya kiwango cha chakula.

Gramu 40, lita moja ya maji. Nilijua kostiki ndiyo hutiwa kwa maji, si maji kwa kostiki, maana yanaweza kuchemka ghafla yakurukie usoni. Kuhusu chombo, sikuwa nimejiuliza chochote. Punde sufuria ikaanza kutoa povu, pande zikawa nyeusi. Kostiki hula alumini, na gesi inayotoka ni haidrojeni, ambayo hushika moto. Na jiko la gesi lilikuwa linawaka pale kando!

Nikazima, nikafungua dirisha, nikaivuta sufuria hadi kwa sinki. Maji yakamwagikia kaunta ya mbao ya landilodi. Vanishi ikavimba, ikabanduka. Hapo dipoziti yangu nikaiaga.

Nikampigia Mama.

"Kostiki? Kwa sufuria?" Akanyamaza kidogo. "Nilipokuwa natengeneza sabuni, uliwahi kuniona nikikorogea kwa sufuria?"

Sikuwahi. Ilikuwa ndoo ya plastiki na kijiti, na sisi watoto tulifukuzwa hadi nyuma ya nyumba. Miaka yote nilidhani ni kelele zetu zilizomchosha.

Siku hizi natumia bakuli la chuma kisichoshika kutu. Kaunta yote naitandika karatasi ya nailoni, kisha navaa glovu ndefu za mpira na miwani. Treyi za alumini pia zinaliwa, kwa hivyo prezeli nazipanga juu ya mkeka wa silikoni. Tone likianguka, nafuta hapo hapo kwa kitambaa chenye maji mengi. Likigusa ngozi, ni maji ya bomba kwa dakika 20. Siki wachia kachumbari.

Desemba nilimpelekea Mama prezeli sita. Akala mbili, akasema chumvi imezidi, kisha akauliza sufuria yake iko wapi.