Michoro ya Askari Waliochoshwa na Zamu

Semina nyingi za nchi hii huletwa Mombasa, tena huku bara. Kuanzia Nyali hadi Shanzu hoteli hujaa wajumbe wenye vitambulisho shingoni. Wanakula samaki, wanapigwa picha juu ya ngamia, kisha wanarudi Nairobi na kutangaza kuwa wameiona Mombasa. Ufuo wameuona, ndiyo.

Msomaji, ikiwa kazi imekuleta huku, au wewe ni mkazi wa bara na watoto wamefunga shule, tenga asubuhi moja uvuke kwenda Fort Jesus, au Ngomeni kama wasemavyo wenyeji. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali, wa Changamwe hupitia Makupa. Mimi hupendelea feri ya Likoni: mwenda kwa miguu halipi kitu, na meli za Kilindini utazitazama bure.

Habari ya ngome wengi wanaijua. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, wakati Ureno yenyewe ilikuwa chini ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Aliyechora ramani yake alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu.

Lakini usiishie kwenye mizinga. Uliza ilipo michoro ya ukutani. Haikuchorwa na fundi wala haikuagizwa na mfalme. Ni kazi ya askari na mabaharia waliokaa zamu juani, wakashika makaa na udongo mwekundu, ile ngeu ya maseremala, wakachora chochote kilichowajia. Kuna merikebu za Kizungu, kuna vyombo vya huku kwetu, kuna watu waliovaa deraya, kuna samaki. Kuna na mdudu mmoja asemekanaye kuwa kinyonga. Watoto humpenda huyo kuliko mizinga yote.

Ajabu ni kwamba bado ipo. Ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji. Unyevu unapopanda hubeba chumvi. Unapokauka, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma ibambuke pamoja na rangi yake. Fundi asiyejua huja na saruji akidhani anasaidia. Saruji hufunga unyevu ndani, ukuta ukazidi kuoza. Dawa ni chokaa ileile ya kale, paa juu, na mikono ya watu iwe mbali, maana jasho na mafuta ya vidole huchafua kisichoweza kusafishwa. Waambie wanao mapema, kabla hawajafika ukutani. Nimeona mtu mzima, si mtoto, akitafuta msumari aandike jina la mpenzi wake.

Atakwambia hao Wareno nao walichafua ukuta, na hapo atakuwa amesema kweli!

Kuna jambo moja linanikera. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome hii ilikuwa jela. Ilipotengenezwa kuwa makumbusho, yaliyofunguliwa 1960, majengo ya jela yalibomolewa ili ukuta wa kale uonekane. Askari wa Kireno amehifadhiwa hata kinyonga wake. Mfungwa aliyelala humo, pengine babu ya mtu wa Likoni au Changamwe, ukitaka habari zake itabidi umuulize kiongozi wa wageni, naye atazipitia kwa haraka. Muulize hata hivyo. Miaka 63 si kidogo.

Fika saa mbili asubuhi, jua halijawa kali, nawe mwenye semina utarudi kabla ya kikao cha mchana. Kamera yenye mwako izime mbele ya michoro. Ukitoka, nje kuna madafu na viazi vya karai. Bei patana kwanza, hasa ukiwa bado umevaa kile kitambulisho.