Neno la Kutafutia

Siku ya kwanza ya utafiti wangu wa uzamili niliketi mbele ya kompyuta ya maktaba, hapa Nairobi, nikaandika "shoga" na "gazeti". Nikaletewa taarabu na mafumbo ya wanawake. Nilicheka peke yangu. Kwetu Mtwapa, mama humwita jirani yake shoga, rafiki wa kike wa kupashana naye habari, na hakuna anayegeuka kuangalia. Neno hilohilo, ukimwita mwanamume, linaweza kumhamisha mtaa.

"Hilo halitakufikisha," mkutubi aliniambia kwa sauti ya chini. "Andika kama wanavyoandika madaktari."

Nikaandika kwa Kiingereza: wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Haya basi! Makala zikamiminika, nyingi za Pwani, nyingine za Mtwapa yenyewe. Virusi, damu, dawa, kliniki. Nilisoma wiki nzima. Lakini mimi nilitaka kujua redio na magazeti yalisema nini juu ya watu hawa, na maneno yale yaliwafanya nini.

Nilikuwa na sababu. Februari 2010, nikiwa darasa la saba, ulizuka uvumi kwamba wanaume wawili wangeoana Mtwapa. Umati ukavamia hadi kituo cha utafiti wa afya. Watu wakapigwa, polisi wakabeba baadhi yao. Harusi yenyewe haikuwako. Binamu yangu, ambaye mimi humwita Kaka, aliondoka usiku na begi langu la shule. Siku chache baadaye gazeti moja likachapa jina lake.

Polepole nikajifunza kwamba kila mlango una neno lake. Kwa wanaanthropolojia nilimkuta Gill Shepherd, aliyeandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, na Deborah Amory, 1998, aliyeweka neno "mashoga" kwenye kichwa cha makala yake. Kwa watu wa filamu nikakuta mjadala wa Rafiki, ya Wanuri Kahiu, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2018, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu. Kwa wanasheria nikakuta Uganda: Oktoba 2010 gazeti la Rolling Stone la Kampala lilichapa picha na majina ya watu, pamoja na wito wa kuwanyonga. Watatu walishtaki, na mahakama ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Januari 2011 mmoja wao, David Kato, aliuawa nyumbani kwake.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta, nikaenda kununua chai.

Tasnifu ilipokaribia kuisha, msimamizi wangu alitaka nakala ya ile habari ya 2010 kwenye kiambatisho. Ushahidi ni ushahidi, alisema. Nilikuwa nimeshaipata kwenye majalada ya magazeti ya zamani, karatasi imegeuka rangi ya mchanga, jina la Kaka likisomeka vizuri tu. Nikampigia simu.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo na wewe unanichapisha tena?"

"La, Kaka. Nauliza kwanza."

"Habari iweke. Watu waione. Jina langu liache, mdogo wangu. Nina kazi sasa, nina kibanda changu."

Nikalifuta kwa kalamu nzito nyeusi, mara mbili, mpaka upande wa pili. Msimamizi alilalamika kwamba nimeharibu nakala. Nikaongeza sentensi moja chini yake: jina limefichwa kwa ombi la mwenyewe. Hatimaye akasaini.

Kulikuwa na fomu moja imebaki, ya maktaba, yenye nafasi tano za maneno ya kutafutia. Nne nilijaza kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Ya tano nikaandika "shoga". Mtoto mwingine wa Mtwapa akija kuketi pale, akaandika neno alilolisikia kwao, asiletewe taarabu peke yake.