Ile Volvo ya Mjomba: Kupiga Picha Magari Ukiwa Nyuma ya Kamba

Wengi wetu tuishio hapa Stockholm tuna kamera nzuri, au walau simu yenye kamera ya kuishinda ile ya mpiga picha wa studio kule nyumbani. Lakini tukirudi kutoka kwenye shughuli yoyote ya watu wengi, picha zetu ni visogo vya watu. Leo tunataka kuzungumzia visogo hivyo, na jinsi tulivyohangaika navyo kwa miaka miwili, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akisubiri picha moja tu kutoka kwetu, na hakuwa na muda mrefu wa kuisubiri.

Mtu huyo ni mjomba wetu aliyeko Morogoro. Mwaka 1965 alikuwa mtoto wa miaka tisa pale Muthurwa, Nairobi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa kuwa babu yetu aliajiriwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Enzi hizo mtu wa Tabora kufanya kazi Nairobi halikuwa jambo la kushangaza. Pasaka ya mwaka ule kaka zake walimchukua kwenda kando ya barabara, nje kidogo ya mji, kutazama magari ya Safari. Walisubiri tangu alfajiri. Mara likatokea gari dogo lenye mgongo kama wa kobe, likapita kwa ngurumo, na wote wakabaki wameshika macho kwa vumbi.

Lile lilikuwa gari aina ya Volvo PV544, lililotengenezwa hapa Sweden. Ndani yake alikuwamo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, na ndio walioshinda mwaka ule. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, akafariki London mwaka 2013. Mjomba ametusimulia habari ya gari lile mara nyingi kiasi kwamba sisi tuliozaliwa miaka mingi baadaye tunadhani tuliliona.

Lakini picha hana. Hakuna mtu wa Muthurwa aliyekuwa na kamera siku ile. Picha za Safari za zamani zipo nyingi vitabuni, na ukizitazama vizuri utatuona na sisi: wale watu waliojipanga kandokando ya barabara, wengine wamepanda miti, wasiotajwa majina. Tulipigwa picha, hatukupiga. Na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, babu alirudi Tanzania na alichoweza kubeba.

Sasa mjomba ana presha ya macho. Daktari alimweleza waziwazi kwamba dawa itapunguza kasi ya ugonjwa, lakini uono uliokwisha kupotea haurudi. Tulipompigia simu na kumwamkia, alitujibu, "Marahaba, wajomba zangu. Hivi nyie si mko kwao Volvo? Nitafutieni ile ya Joginder, mnipigie picha. Msinipigie ikiwa imesimama. Nataka inakwenda, kama nilivyoiona."

Ombi dogo, tukafikiri.

Hapa mjini kuna mbio za magari ya kale ziitwazo Gärdesloppet, zinazofanywa kumkumbuka Mwana Mfalme Bertil, aliyefariki mwaka 1997. Huyu alikuwa mpenzi mkubwa wa magari, hata akawahi kushindana kwa jina la bandia la Monsieur Adrian. Tulikwenda Djurgården Jumapili moja ya Mei, tumebeba kamera, chapati na chupa ya chai. Volvo za PV zilikuwapo, zaidi ya moja. Tulirudi nyumbani na picha 240. Tulipozifungua tulikuta visogo, kofia, kamba, nusu ya taa ya mbele, na gari moja lililotoka safi kabisa ila lilionekana limeegeshwa. Tulimtumia mjomba lile lililotoka safi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hili mbona limezimika?"

Hapo ndipo tuliposhika adabu, tukaanza kujifunza. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayatoa bure kwa yeyote atakayeyahitaji.

Kwanza, fika mapema na utembee kabla ya kusimama. Mtazamaji wa kawaida hukimbilia mahali penye watu wengi akidhani ndipo penye mambo. Mpiga picha hutafuta kona. Kwenye kona gari hupunguza mwendo, na magurudumu ya mbele hugeuka, likawa kama linakutazama. Kwenye njia iliyonyooka utapata ubavu tu, tena kwa kasi.

Pili, tazama jua liko wapi na litakuwa wapi saa mbili zijazo. Kwetu jua la saa sita hukaa utosini na kuweka kivuli kizito chini ya kila kitu. Huku Mei jua haliko utosini hata mchana, hivyo mwanga wa ubavuni upo karibu siku nzima. Lipe jua mgongo, au bega, gari ling'ae usoni. Angalia pia nyuma ya gari kuna nini. Miti na watu waliosimama vinapendeza. Vyoo vya kukodi havipendezi.

Tatu, na hili ndilo lililotushinda mwaka wa kwanza: kasi ya shata. Tulikuwa tumeiweka kamera kwenye 1/1000 ya sekunde, tukiamini gari liendalo kasi linataka shata ya kasi. Matokeo yake kila kitu kiliganda, hata magurudumu, na gari likaonekana limezimika, kama alivyosema mjomba. Magari haya ya kale hayaendi kasi sana. Shusha hadi 1/125, ukizoea nenda 1/60. Kisha lifuate gari kwa kamera, na ubonyeze huku unaendelea kugeuka nalo. Gari litatoka safi, magurudumu yatazunguka, na nyuma yake patafutika kama pamepakwa rangi kwa brashi.

Kwa maneno ni rahisi, mwili ndio mgumu. Simama vidole vya miguu vikielekea pale gari litakapokuwa mbele yako. Viwiko vibane mbavuni. Geuza kiuno ulidake gari likiwa bado mbali, uje nalo taratibu, ubonyeze likifika mbele yako, wala usisimame baada ya kubonyeza. Kosa letu lilikuwa kusimama. Ni kama kupiga mpira: ukiukatisha mguu mara tu unapogusa, mpira hauendi popote.

Mazoezi tuliyafanya bila gharama. Jioni baada ya kazi tulisimama karibu na daraja la Djurgården tukipiga picha tramu namba 7, baiskeli, na mabasi. Wapita njia walituona wendawazimu. Dereva mmoja wa tramu alitupungia mkono. Mwanzoni kati ya picha 50 hatukupata hata moja. Baada ya wiki tatu tulikuwa tunapata mbili au tatu, nasi tukajua kwamba hiyo ndiyo hesabu yake. Anayesubiri zote zitoke atakata tamaa mapema.

Nne, kama kamera yako huchelewa kulenga, ilengee mapema. Chagua alama barabarani, kiraka cha lami au mstari mweupe, ulenge hapo na kusubiri gari lije. Mwenye simu ashike kitufe ipige mfululizo, wala asikuze picha kwa vidole, maana hapo anakuza ukungu tu. Bora usogee, na kama huwezi kusogea, piga hivyohivyo ukate baadaye. Ukikata, acha nafasi mbele ya gari kuliko nyuma yake, lipate pa kwenda.

Tano, seng'enge. Usiikimbie, iendee. Weka lenzi karibu kabisa na waya, katikati ya tundu, ufungue lenzi hadi namba ndogo kuliko zote, na waya utatoweka pichani.

Sita, usidharau magari yakiwa yameegeshwa. Hapo piga magoti, kamera iwe sawa na taa. Mwombe mwenyewe ruhusa, kisha muulize habari za gari lake. Tumeishi na Waswidi miaka mingi tukisema ni watu wa kimya. Muulize mmoja wao habari za kabureta yake uone.

La mwisho ndilo la kwanza kwa uzito: usivuke kamba. Mwaka 1986, kwenye mbio za Ureno, watazamaji walijaa barabarani wakisogea pembeni dakika ya mwisho, wengine wakitaka picha. Gari moja lilitoka njiani, watu watatu wakafa na zaidi ya 30 wakaumia. Jicho likiwa kwenye kamera halioni pembeni. Nendeni wawili, mmoja apige, mwingine aangalie. Sisi tulifanya hivyo, kwa zamu.

Mwaka wa pili tulirudi Djurgården tukiwa tumeiva, kumbe kona yetu imekwisha kuchukuliwa. Mzee mmoja wa Kiswidi alikuwa amekaa pale na kiti chake cha kukunja. Tulisimama nyuma yake, tukitazama tena kisogo. Akageuka akatuuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Afrika Mashariki alisimama kabisa. "Waldegård!" akasema, kama anayetaja ndugu wa pamoja. Björn Waldegård, mtu wa hapa jirani kaskazini ya Stockholm, alishinda Safari mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Mzee alizijua kwa mwaka. Akamtaja pia Erik Carlsson, aliyepata nafasi ya pili mwaka 1964 na kigari chake cha Saab. Nasi tukamtajia Joginder na Volvo yake. Hakutuuliza zaidi. Alisogeza kiti chake mita mbili akasema kona ni yetu hadi PV ipite.

Ilipita mara tatu. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka. Mara ya pili mtoto alipita mbele na puto. Mara ya tatu tulibonyeza tukaendelea kugeuka nayo mpaka ikapotea, na hatukuthubutu kutazama kioo cha kamera kwa dakika nzima. Mzee ndiye aliyetuambia, "Tazameni basi."

Ilikuwamo. Mgongo wa kobe umekaa safi, magurudumu yanazunguka, na nyuma yake mstari mrefu wa watu waliofutika, wekundu, buluu na njano.

Hatukumtumia kwa simu, kwa macho yale kioo cha simu ni kidogo mno. Tuliisafisha kwenye karatasi kubwa, tukamkabidhi ndugu aliyekuwa anasafiri kwenda Dar, na kutoka hapo ikapanda basi hadi Morogoro. Binamu yetu anatusimulia kwamba mjomba aliipeleka dirishani, akaikaribisha usoni hadi pua ikagusa karatasi, akaisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama gari linavyopita. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaomba simu.

Tukamwamkia. Akaitikia, akanyamaza kidogo.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Sasa vumbi liko wapi?"

Tukamweleza kwamba barabara za Djurgården zina lami, mjomba, vumbi la namna ile halipo huku.

"Basi hamkuiona sawasawa," akasema, na tukamsikia anacheka. Halafu akauliza wale watu wa nyuma ni akina nani, maana anaona rangi tu. Tukamwambia ni watazamaji. "Siku ile," akasema, "mimi ndiye ningekuwa hapo."

Picha iko ukutani Morogoro, karibu na dirisha. Sisi Mei ijayo tutakwenda tena, na wenye kamera tunawakaribisha. Chapati tutabeba. Kiti cha kukunja tutamchukulia na yule mzee, asije akatutangulia.