Siku Tisa Jikoni mwa Nyanya

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nilikuwa nimeitumia katika insha zangu si chini ya mara tano, na mwalimu akanituza alama, lakini naapa sikuijua maana yake hadi nilipoingia jikoni. Naam, jikoni! Msomaji mpenzi, usicheke kwanza. Keti nikusimulie.

Ulikuwa mwezi wa Aprili mwaka wa 2024, nami nikiwa katika Kidato cha Pili. Bila shaka mnaikumbuka mvua ya mwaka huo. Ilinyesha usiku na mchana, mito ikavunja kingo, barabara zikakatika, hata shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili tukaambiwa tungoje, na hatukurudi darasani hadi tarehe 13 Mei. Baba yangu ni fundi wa mjengo mjini Kisumu. Mvua ikinyesha mjengo husimama, na mjengo ukisimama mfuko wa fundi nao husimama.

Mama alikuwa mja mzito. Usiku wa Jumatano moja alishikwa na uchungu akakimbizwa hospitalini kwa bodaboda. Asubuhi tukapata habari kwamba tumepata dada. Furaha yetu haikumaliza hata saa moja, kwani simu ya pili ilisema Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, amelazwa, na siku ya kutoka haijulikani.

Pale nyumbani, katika kijiji chetu cha Kaunti ya Kakamega, tulibaki wanne: Nyanya, ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma, ndugu yangu wa Gredi ya Sita, dada yangu wa Gredi ya Kwanza, na mimi kifungua mimba. Baba alituma shilingi mia nane kwa simu. "Wewe ndiye mwanamume hapo. Angalia wenzako," akasema.

Sasa mwanamume huyo alifanya nini? Kwetu mvulana aliyekwisha kupashwa tohara hakai mekoni. Akionekana ameshika mwiko atachekwa mpaka ng'ambo ya mto. Kwa hivyo mimi nilikwenda dukani. Siku ya kwanza nilinunua mikate miwili, mayai, kabeji na mafuta ya kupikia. Siku ya pili nikanunua mkate tena, na chapati za kibandani, na soseji, ati wadogo wangu wasimkumbuke Mama sana. Siku ya tatu asubuhi nilihesabu pesa nikapata shilingi sabini na tano. Nikazihesabu tena, kana kwamba zingezaana mfukoni. Kwenye gunia la mahindi nako hali ilikuwa mbaya. Mahindi yetu huvunwa mwezi wa Agosti, na kufikia Aprili ya zamani yanakaribia kuisha ilhali mapya yangali yanafika magotini. Tulikuwa na gorogoro sita tu.

Nyanya alikuwa akiniangalia siku zote hizo bila kusema neno.

"Mjukuu wangu, pesa zimeisha?"

"Bado kidogo, Nyanya."

"Zimeisha," akasema. "Chukua kikapu. Shamba halijafungwa."

Aliketi kwenye kibaraza akinielekeza kwa fimbo yake. La haula! Kati ya mistari ya mahindi, pale nilipodhani pana magugu, palikuwa na mnavu na mchicha uliojiotea wenyewe. Kando ya ua palikuwa na saga. Nyuma ya jiko palikuwa na mrenda na kunde alizozipanda mwenyewe mvua ilipoanza. Jambo lililonichoma moyo ni kwamba juma lililopita nilipalilia sehemu ile kwa jembe, nikang'oa mnavu mwingi, nikautupa kando ukaoza. Nilikuwa nimetupa kitoweo, kisha nikaenda kununua kabeji!

"Lakini Nyanya, na nyanya je? Na mafuta karibu yaishe," nikamwuliza.

"Nyanya ni mimi," akanijibu. "Hiyo nyingine kaa nayo huko dukani."

Jioni ile nilipika saga. Nilijua nini? Nilichemsha maji, nikatumbukiza majani, nikatia chumvi, nikaepua mara moja kwa sababu moshi wa kuni mbichi ulikuwa ukinitoa machozi. Ikatoka chungu kama shubiri. Dada yangu alitia tonge mdomoni akalitema, akaanza kulia kimyakimya, kilio kile cha mtoto asiyedeka bali mwenye njaa. Ndugu yangu alikula ugali mtupu akateremshia maji. Nyanya peke yake ndiye aliyemaliza sahani yake. "Ugali umeiva vizuri," akasema. Kuhusu mboga hakusema kitu.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilisikiliza mvua ikipiga mabati, na dada yangu akigaagaa kitandani, nami nikijua wazi kwamba pesa za chakula chake nilikuwa nimezimaliza kwa sababu ya aibu yangu tu.

Kesho yake nilipiga moyo konde. Nilivuta kigoda nikaketi karibu na mafiga, naye Nyanya akaketi mlangoni akanifundisha kama mwalimu afundishavyo hesabu. Mboga huoshwa kabla ya kukatwa, si baada, la sivyo nguvu zake huenda na maji. Saga isipikwe peke yake. Ichanganywe na mnavu au kunde. Ichemke mpaka ilainike, maji machungu yamwagwe, kisha itiwe maziwa na iachwe kwenye moto wa polepole. Halafu isiliwe leo! Ilale chunguni, kesho iongezwe maziwa na kupashwa moto, ndipo itakapokuwa tamu.

"Basi leo tutakula nini?" nikauliza.

"Leo mrenda. Mrenda haungoji."

Mrenda hautaki mafuta hata tone. Unataka musherekha. Nyanya alinituma nichome maganda makavu ya maharagwe, nikatia majivu yake ndani ya mkebe uliotobolewa matundu chini, nikamimina maji juu, yakadondoka polepole sufuriani yakiwa na rangi kama ya chai ya mkandaa. Maji hayo ndiyo hulainisha mboga. Yakichemka unatia mrenda pamoja na majani ya kunde ili ute usizidi, unakoroga, wala hufuniki. Mimi nilifunika. Povu likafura, likamwagika, likazima moto wote.

"Nilisema nini?" Nyanya akauliza. Ndugu yangu alicheka hadi akashika mbavu, na hata mimi nikacheka. Tulikuwa hatujacheka tangu Mama aondoke.

Ili mahindi yasiishe, Nyanya alitoa mtama na makopa ya muhogo aliyokuwa ameyahifadhi kwenye mtungi. Tulivichanganya na mahindi kidogo, nikavipeleka kusagishwa. Shilingi sabini na tano zile ndizo zilizolipa mashine. Ugali wake ulikuwa wa rangi ya udongo, na ukila tonge tano unashiba mpaka asubuhi. Maziwa tuliyapata kwa ng'ombe wetu wa kienyeji, kama lita moja kila asubuhi. Mengine tukanywa kwa uji, mengine yakaingia kwenye chungu cha saga.

Siku ya tano nilikuwa kisimani nikiosha mnavu, kikapu kikiwa kando yangu, wakatokea wavulana wawili tunaosoma nao. Mmoja akapiga kelele, "Mama mboga! Leo fungu ni pesa ngapi?" Jamani, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilitaka kuitupa ile mboga majini. Kisha nikamkumbuka dada yangu na lile tonge alilolitema. Nikaendelea kuosha. Mvua ikaanza tena, ikawa kubwa, na mmoja wao akakimbilia kwetu kujikinga. Nyanya humwacha mgeni aondoke bila kula? Hathubutu! Alipewa ugali wa mtama na saga iliyokuwa imelala chunguni. Alikula, akaongezwa, akala tena, akalamba vidole. Hadi leo hajanitania tena, na jina la Mama Mboga halikufika shuleni. Nalitoa mimi mwenyewe leo katika gazeti hili, basi liteni mtakavyo.

Siku ya sita jioni mvua ilikatika ghafla, na kumbikumbi wakaanza kutoka kwenye kichuguu kilicho karibu na mgomba. Wadogo zangu walitoka mbio na ndoo na taa. Tulipata nusu ndoo. Tuliwakaanga katika sufuria kavu bila mafuta, kwani wana mafuta yao, tukatia chumvi, tukapepeta mabawa kwenye ungo. Dada yangu alikula hadi akalala ameshika mmoja mkononi.

Usiku huo nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari langu la Kiswahili, nikamwomba Nyanya anitajie chakula cha mwaka mzima. Akaanza kutaja bila kusita. Machi hadi Mei ni mboga za majani na kumbikumbi. Juni ni maharagwe mabichi. Julai ni mahindi ya kuchoma na kuchemsha. Agosti ni mavuno, na viazi vitamu baadaye. Mvua ya vuli ikija, Oktoba na Novemba, ni kunde tena na majani ya maboga. Desemba hadi Februari jua likiwaka, ni maharagwe makavu, mihogo, ndizi za kupika, omena wa kutoka ziwani, na majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa wakati yalipokuwa mengi. "Mwenye kungoja kiangazi ndipo aanike kunde," akasema, "atakula jua." Daftari lile lina makosa mengi ya sarufi yaliyotiwa wino mwekundu, lakini ukurasa ule wa mwisho sitauchana.

Siku ya tisa Mama alirudi, amekonda, macho yameingia ndani, kichanga kikiwa mgongoni mwa shangazi. Daktari alikuwa amempa vidonge vya kuongeza damu na kumwagiza ale maharagwe, maini na mboga za majani. Maini hatukuwa nayo. Nikampakulia saga na mnavu zilizotiwa maziwa, na ugali wa mtama. Alikula polepole. Kisha akasogeza sahani aongezwe.

"Hii amepika Nyanya?" akauliza.

Nyanya akatikisa kichwa, akaelekeza fimbo yake kwangu. Mama alinitazama kwa muda mrefu, hakusema kitu, akashika tu mkono wangu uliokuwa unanuka moshi. Enyi wenzangu, nimepata vyeti kadhaa katika shule hii, ila sijapata kituzo kama kile.

Sisemi kwamba mboga zangu ndizo zilizomponya Mama. Alikuwa na vidonge vyake, na madaktari walifanya kazi yao. Lakini tuliporudi shuleni nilimsimulia mwalimu wetu wa Biolojia, akanieleza kwamba mboga za kienyeji zina madini ya chuma na vitamini A, na kwamba mwili huyapokea madini ya chuma vizuri zaidi ukila kitu chenye vitamini C kama mapera au machungwa. Tena akaniambia chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo. Hapo nikagundua kwamba hata Nyanya hajui yote, maana kwetu chai na chakula ni pete na kidole. Mwalimu alinitajia pia Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi hizi. Kumbe kile nilichokidharau kuwa chakula cha wasio na pesa, maprofesa wanakichunguza katika maabara!

Nyanya angali hai, ingawa sasa hata kibarazani hutoka kwa shida. Likizo iliyopita alinipa mbegu za saga alizozifunga fundo katika kitambaa. Nilizipanda, nami nikaacha mashina machache bila kuyachuma ili yatoe mbegu nyingine, kama alivyoniagiza.

Wanachama wenzangu, wavulana kwa wasichana, ombi langu ni moja tu. Mkienda likizo msikae mkingoja kuitwa mezani. Ingieni jikoni, ketini karibu na nyanya zenu na mama zenu, mwulize mboga gani ni ya mwezi gani na hupikwaje, na mwandike. Msingoje pesa ziishe kama mimi. Mimi nilikuwa na bahati, maana pesa ziliponiishia mwalimu wangu alikuwa angali ameketi mlangoni na fimbo yake. Ajuaye hufa na lake moyoni asipoulizwa.