Kigoma hadi Ujiji: Safari ya waya wa hedifoni na sikio la mtoto

TRENI ya Reli ya Kati inapofika Kigoma, abiria aliyepandia Dar es Salaam huwa amesafiri zaidi ya kilomita 1,200. Amepita Morogoro, Dodoma, Tabora na Uvinza. Watoto wamelala, wameamka, wamekula na kulala tena. Mara nyingi kinachowatuliza njiani ni simu ya baba au mama na hedifoni zinazopokezanwa, kaka akichoka anachukua dada. Waya unavutwa, unakaliwa, unabanwa na dirisha. Ziwa Tanganyika linapoonekana, hedifoni zinasikika upande mmoja tu.

Mzazi anabaki na maswali matatu. Atupe anunue nyingine? Atafute fundi? Au anunue ule waya mpya wa kusukwa, unaong'aa, ambao muuzaji anasema utafanya muziki usikike vizuri kuliko hata zilipokuwa mpya?

Kigoma ni mahali pazuri pa kujibu maswali hayo. Kutoka jengo la stesheni lililojengwa na Wajerumani, barabara inapanda kupitia katikati ya mji hadi Mwanga, kisha inashuka Ujiji. Safari nzima haifiki kilomita 10. Kwenye meza za mafundi simu na maduka ya vifaa, waya ni bidhaa ya kila siku. Na huko Ujiji, biashara ya waya ni ya zamani kuliko simu, kuliko redio na kuliko reli yenyewe.

Masango ya Ujiji

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871, na wageni wa leo huenda kuona mnara wa kumbukumbu na miembe kwenye makumbusho ya Livingstone.

Kinachosahaulika ni mizigo iliyokuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Pamoja na nguo na shanga, misafara ilibeba waya wa shaba uliokunjwa kwa mizunguko, ulioitwa masango. Waya huo ulikuwa kama fedha. Ulilipia hongo ya kupita katika nchi za watawala wa njiani, ulinunua chakula, na ulifuliwa kuwa bangili na vikuku. 

Wala shaba haikutoka pwani peke yake. Ng'ambo ya ziwa, kusini-magharibi, watu wa Katanga waliyeyusha shaba nyekundu na kuimimina katika maumbo ya msalaba yaliyotumika kama fedha, muda mrefu kabla ya Wabelgiji kufika. Hadi leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zinazochimba shaba nyingi zaidi duniani. Kwa hiyo si ajabu waya uliomo katika sikio la mtoto ukawa na shaba iliyotoka upande ule wa ziwa, ikazunguka viwandani Asia, kisha ikarudi Ujiji ndani ya pakiti ya plastiki.

Waya unapokatika

Mazungumzo mbele ya meza ya fundi huwa mafupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii inasikika upande mmoja, na ukiikunja kidogo inarudi."

"Basi imekatikia kwenye pini, mama. Spika zenyewe ni nzima."

Fundi wa namna hiyo anasema kweli. Katika hedifoni, kinachokufa kwanza mara nyingi ni waya, na waya hukatika zaidi sehemu mbili: pale unapotokea kwenye pini inayochomekwa kwenye simu, na pale unapoingia sikioni. Ndizo sehemu zinazokunjwa kila siku. Dalili yake ni hiyo hiyo: ukiupinda waya sauti inarudi, ukiuachia inapotea.

Ipo dalili nyingine inayowachanganya wazazi. Mtoto analalamika kwamba muziki unasikika ila mwimbaji hasikiki, au anasikika kama yuko ndani ya pipa. Simu haina kosa. Kilichokatika ni unyuzi wa pamoja, ule unaorudisha umeme kutoka spika zote mbili. Ukikatika, spika hizo hupokea tofauti tu iliyopo kati ya sauti ya kushoto na ya kulia. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili, hivyo sauti yake inafutika na vyombo vinabaki.

Kuunga waya huu kunahitaji mkono uliotulia. Ndani yake kuna nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, na mara nyingi zimechanganywa na nyuzi za nailoni ili zisikatike upesi. Kila unyuzi wa shaba umepakwa rangi isiyopitisha umeme, na mara nyingi nyekundu ni ya upande wa kulia. Fundi asipoikwangua au kuiunguza rangi hiyo kwanza, risasi haitashika, na kazi itaachia kabla mzazi hajafika nyumbani. Ndiyo maana kufunga gundi au kusokota nyuzi kwa vidole hakusaidii kitu.

Waya wa bei unaongeza nini?

Hedifoni ziko za aina mbili. Zipo ambazo waya umeunganishwa moja kwa moja na spika, na hizi ndizo nyingi. Zipo pia ambazo waya unachomoka, kwa sababu kwenye kikombe cha sikio kuna tundu. Hizi za pili ndizo zinazouziwa waya wa kubadilisha: uliosukwa, wenye pini ya rangi ya dhahabu, na wakati mwingine unaosemwa kuwa na madini ya fedha ndani yake.

Ahadi ya kwamba waya huo utabadilisha muziki inahitaji kupimwa. Kazi ya waya ni kupitisha umeme kutoka simu hadi spika bila kuupunguza. Hedifoni nyingi za simu zina ukinzani wa omu 16 hadi 32. Waya mzuri wa shaba wa urefu wa mita moja una ukinzani usiofika omu moja. Kinachopotea humo ni kidogo kiasi kwamba sikio haliwezi kukitambua. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa takriban asilimia 6 tu, na katika waya mfupi namna hiyo tofauti hiyo haileti muziki mpya. Kwa iafoni chache za bei ghali zenye ukinzani mdogo sana tofauti ndogo inaweza kupimwa, lakini hizo si hedifoni za mtoto wa shule.

Mara nyingi anayesema kwamba sauti imekuwa nzuri baada ya kubadilisha waya hadanganyi. Waya wake wa zamani ulikuwa umekatika nusu, au pini ilikuwa na kutu. Jasho na unyevu huifanya shaba kuwa ya kijani hata ndani ya plastiki inayopitisha mwanga. Waya mpya umemrudishia sauti aliyokuwa ameipoteza kidogo kidogo bila kujua.

Faida za waya mzuri ni za kawaida zaidi. Ule uliosukwa haujifungi mafundo mfukoni. Ule laini haupitishi mkwaruzo wa shati hadi sikioni. Ule wenye mpira wa kuzuia kukunjika kwenye pini hudumu. Hizo ni sababu za kutosha za kulipia kidogo zaidi, ila hazitoshi kulipia waya mmoja bei ya hedifoni mbili.

Kabla ya kutoa fedha, mzazi afanye mambo manne.

Kwanza, aende na hedifoni na simu yenyewe. Tundu la kwenye kikombe cha sikio linaweza kuwa la milimita 2.5 au 3.5, na mengine yana kufuli lake. Simu nyingi mpya hazina tundu la pini kabisa, zina lile la chaji la Taipu C, hivyo huhitaji adapta.

Pili, ahesabu mistari myeusi kwenye pini. Mistari miwili ni ya kusikiliza tu. Mitatu ina maikrofoni. Mtoto anayesoma kwa simu na kumjibu mwalimu anahitaji mitatu. Hata hivyo mpangilio wa mistari mitatu si mmoja kwa simu zote, kwa hiyo ajaribu kupiga simu papo hapo dukani na si kusikiliza wimbo tu.

Tatu, kama muuzaji anakubali, fundi akwangue ncha ya waya wa kipande kinachouzwa kwa mita. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ikionekana nyeupe chini ya ngozi nyembamba nyekundu, huenda ni alumini iliyopakwa shaba. Hiyo hukatika upesi na ni taabu kuiunga.

Nne, alinganishe bei. Kama kuunga au waya wa kawaida ni nafuu kuliko hedifoni mpya zenye ubora uleule, atengeneze. Kama hedifoni zenyewe ni za bei ya chini kabisa, waya ghali hautazifanya kuwa nyingine. Ubora wa sauti uko kwenye spika na jinsi pedi zinavyokaa sikioni.

Somo la Liemba

Pale bandarini Kigoma kuna historia ya chombo kinachoeleza jambo hilihili kwa ukubwa wake. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli na treni na kuunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini mafundi wao walikuwa wameipaka injini grisi nyingi kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini za mvuke zilibadilishwa zikawekwa za dizeli.

Waliokuwa na kazi ya kuihudumia hawakuitupa kwa sababu injini ilichoka, wala hawakudhani kwamba rangi mpya ingeifanya iende kasi. Walibadilisha kilichochakaa na kuacha kilichokuwa kizima. Mtoto anayeuona waya wa hedifoni zake ukiungwa na fundi anajifunza hilohilo, na pengine ataukunja kwa uangalifu zaidi kesho yake.

Kelele za injini na kelele za simu

Lipo jambo moja ambalo waya wowote, wa shaba au wa fedha, hauwezi kulitengeneza. Ni sikio lenyewe.

Boti za kwenda vijiji vya kaskazini, njia ya Hifadhi ya Gombe, huondokea Kibirizi. Injini inanguruma nyuma, maji yanapiga ubavu wa boti, na mtoto mwenye hedifoni anafanya ambalo kila mtu angefanya: anaongeza sauti mpaka aishinde injini. Vivyo hivyo kwenye basi la Kasulu na kwenye behewa la treni. Sikio halihisi kwamba sauti imezidi, kwa sababu kelele ya nje imeifunika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa mno. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Na kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, muda salama unapungua kwa nusu. Mtu mzima anayesikiliza kwa desibeli 80 ana saa 40 kwa wiki, lakini akipandisha hadi 89 zinabaki saa 5 tu. Seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na hakuna fundi wa Mwanga wala wa Muhimbili anayeweza kuziunga.

Kwa hiyo, kama kuna fedha ya ziada ya kuboresha hedifoni za mtoto, iende kwenye pedi zinazoziba sikio vizuri. Zikizuia kelele ya nje, mtoto hahitaji kuongeza sauti. Mzazi aweke pia kikomo cha sauti kwenye simu, simu nyingi zinacho ndani ya mipangilio. Kipimo rahisi ni hiki: mtu akimwita mtoto kwa sauti ya kawaida kutoka umbali wa mkono na mtoto asisikie, sauti ipunguzwe. Mtoto akilalamika masikio yanavuma au yanalia baada ya kuvua hedifoni, apumzishwe, na hali ikiendelea apelekwe hospitali. Asiachwe kulala nazo waya ukiwa shingoni, wala kusikiliza simu ikiwa kwenye chaji, kwa maana chaja mbovu inaweza kupitisha umeme hadi kichwani.

Ndani ya boti kanuni ni fupi zaidi. Hedifoni zivuliwe kabla ya kupanda, ziingie mfukoni waya ukiwa umekunjwa mviringo mpana, na maboya yavaliwe. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na upepo wake hubadilika ghafla. Nahodha akipaza sauti kuwataka abiria wakae chini, kila mtoto anapaswa kumsikia mara ya kwanza.